Shule za Chata Houston: Maswali Ambayo Wazazi Wetu Huuliza Kila Mwaka

Kila ifikapo Novemba simu yangu haitulii. Wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa kusini-magharibi mwa Houston, Wakongo kwa wingi, Warundi, Watanzania, Wakenya, wanaanza kuokota vipeperushi vya shule za chata mlangoni na kuuliza: "Dada, hii KIPP nijaze?" "YES Prep na Harmony, ipi kali?" Nimekaa na familia nyingi mezani, karatasi zimetandazwa katikati ya sahani na daftari za watoto, na maswali yamekuwa yale yale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Sheria ninazozitaja ni za jimbo la Texas. Ndugu yako akiwa Ohio au Arizona, kwake mambo ni tofauti.

Shule ya chata ni kitu gani? Nitalipa ada?

Hulipi ada. Ni shule ya umma, ila haiendeshwi na wilaya ya shule kama HISD, yaani wilaya ya Houston, au Alief. Inaendeshwa na shirika lisilo la biashara lililopewa mkataba na jimbo. Chata ndiyo hati yenyewe ya mkataba, na ndiyo maana wengine husema "shule za mkataba". Jimbo la kwanza kupitisha sheria ya chata lilikuwa Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa St. Paul mwaka uliofuata. Texas iliingia mwaka 1995.

Waliosoma Kongo huelewa haraka nikiwakumbusha shule za konvansioni, za Wakatoliki, Waprotestanti au Wakimbangu: serikali inalipa walimu, kanisa linaendesha shule. Chata inafanana na hiyo kwa muundo. Tofauti kubwa ni kwamba chata haina ruhusa ya kufundisha dini, wala kumchagua mtoto kwa dini yake.

Pesa zake hutoka jimboni kwa hesabu ya mahudhurio. Kodi ya nyumba inayokusanywa na wilaya haiwafikii. Ukishangaa kwa nini ofisi inakupigia simu mtoto akikosa siku mbili, hiyo ni sababu mojawapo.

Usichanganye chata na shule binafsi. Mwaka 2025 Texas ilipitisha sheria ya kuwapa wazazi fedha za umma za kulipia shule binafsi, na sasa kuna watu wanaopita kwenye nyumba za kupanga wakizungumzia mambo yote mawili kwa pumzi moja. Shule binafsi inaweza kumkataa mtoto kwa alama zake au kwa sababu haina mwalimu wa kumfundisha Kiingereza. Mtu akikuuliza kipato chako ili "akusaidie ada", hapo hamzungumzii chata.

Houston kuna zipi?

Nyingi. Majina utakayoyasikia zaidi ni manne.

KIPP ilizaliwa hapa hapa Houston mwaka 1994, ikianza na darasa moja la walimu wawili vijana, Mike Feinberg na Dave Levin, na baadaye ikasambaa Marekani nzima. Tangu 2018 kampasi zake za Houston, Austin, Dallas na San Antonio ziko chini ya shirika moja, KIPP Texas. YES Prep nayo ni ya hapa, imeanza 1998. Ilijijengea jina kwa gredi ya 6 hadi 12 na kwa kusisitiza kila mhitimu akubaliwe chuo kikuu cha miaka minne. Shule za msingi imeanza kuzifungua tangu 2020. Harmony ilifungua milango mwaka 2000, ikaegemea sayansi na hesabu. IDEA ilianzia kusini kabisa, karibu na mpaka wa Mexico, ikaja Houston mwaka 2020.

Zipo pia ndogo za mtaa ambazo hazina mabango barabarani. Mtaa wa Gulfton, kwa mfano, una chata zilizoanzishwa kwa ajili ya watoto wa wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini. Usizipite kwa sababu tu hujazisikia.

Basi niambie tu, ipi ni bora?

Hili ndilo swali la kila mtu, na jibu langu huwaudhi wengi: jina la shirika halitoshi kukujibu. Linganisha kampasi na kampasi. KIPP moja na KIPP nyingine zinaweza kuwa na mkuu wa shule tofauti, walimu wa viwango tofauti, hata herufi tofauti kwenye ripoti ya jimbo. Mama wa Uvira aliniambia amemwandikisha mwanawe kwa sababu mtoto wa dada yake anafanya vizuri sana "huko huko". Tulipoangalia anwani, zilikuwa kampasi mbili zenye umbali wa kilomita ishirini na kitu, na hazishiriki hata mwalimu mmoja.

Anza na tovuti ya jimbo, TXschools.gov. Andika jina la kampasi, utaona herufi kuanzia A hadi F. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Ile herufi imepikwa kwa vitu vitatu: kiwango cha wanafunzi katika STAAR, mtihani wa jimbo, hatua waliyopiga tangu mwaka jana, na jinsi shule inavyoyasaidia makundi yaliyo nyuma, wakiwemo wanaojifunza Kiingereza. Jimbo huchukua lililo bora kati ya kiwango na hatua, linalipatia asilimia 70 ya uzito, na lile la makundi linapata asilimia 30.

Maana yake ni hii. Shule mbili zote zina B. Ya kwanza ina B kwa sababu watoto wake wanaingia tayari wanajua kusoma. Ya pili ina B kwa sababu watoto walioingia wakiwa chini wamesogea mbali ndani ya mwaka mmoja. Kwa mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miezi minane iliyopita, mimi ningeichagua hiyo ya pili bila kusita. Fungua ndani ya herufi, utafute sehemu ya hatua na sehemu ya makundi.

Kuhusu chata kwa jumla: utafiti mkubwa wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka 2023, uliofuatilia wanafunzi wa majimbo 29 pamoja na Washington D.C. na jiji la New York kati ya 2014 na 2019, ulikuta watoto wa chata wametangulia wenzao wa shule za kawaida kwa kiasi cha siku 16 za masomo kwa mwaka katika kusoma, na siku 6 katika hesabu. Ni faida ya kweli, lakini ni wastani. Ndani ya wastani huo zimo shule nzuri sana na zimo shule ambazo singempeleka mtoto wa jirani. Na usisahau kuziweka shule za wilaya mezani pia. Alief ina shule ya sekondari ambayo kijana anaweza kumaliza akiwa na shahada ndogo ya chuo cha Houston bila kulipa. HISD ina DeBakey kwa wanaotaka udaktari, na Carnegie Vanguard kwa wenye vipaji. Hizo nazo ni za umma, ila hizo mbili za HISD huchagua: alama zinaangaliwa, na maombi ya HISD katika miaka ya karibuni yamekuwa yakifungwa Desemba, mapema kuliko chata nyingi.

Mtoto wangu hajui Kiingereza. Watampokea? Watamfundisha na nani?

Lazima wampokee. Kumkataa mtoto kwa sababu ya lugha ni kosa kisheria. Swali la kwamba watamfundisha na nani ndilo la kulishika, kwa sababu hapo ndipo tofauti kati ya kampasi na kampasi inapoonekana.

Mambo huanza na karatasi moja ndogo siku ya kuandikisha, inayouliza lugha gani hutumika nyumbani, mtoto hutumia lugha gani, na kama aliwahi kuishi katika nyumba nyingine kabla ya hii, huko lugha gani ilitumika. Nimeiona karatasi hiyo ikijazwa mara nyingi. Baba ananyoosha kalamu, anasita, halafu anaandika "English" pote. Ukimuuliza kwa nini, anasema hataki mwanawe atiwe darasa la wajinga. Namwelewa. Anatoka mahali ambapo kuonekana hujui lugha ya shule kulikuwa fedheha. Lakini kwa neno hilo moja amemnyima mtoto msaada wote. Hapimwi, hapewi mwalimu wa Kiingereza kwa wageni, na mwezi wa pili unakuta anaambiwa hasikilizi darasani.

Andika ukweli: Kiswahili, au Kibembe, au Kinyamulenge, au Kirundi, lugha ile mnayoongelea chakulani. Baada ya hapo shule ina wiki nne za kumpima na kumpangia. Kama ulishaandika kimakosa, omba kwa maandishi ibadilishwe. Dirisha ni wiki mbili tangu kuandikisha, tena kabla hajapimwa. Karatasi hiyo ya kwanza itamfuata mtoto shule hadi shule ndani ya Texas.

Madarasa ya lugha mbili yapo mengi Houston, ila ni ya Kihispania. Sheria inataka darasa la lugha mbili pale wilaya inapokuwa na angalau wanafunzi 20 wa lugha moja katika gredi moja, na sisi ni nadra kufika hapo. Watoto wetu huingia mpango wa Kiingereza kama lugha ya pili. Kwa hiyo ukitembelea kampasi, uliza hivi: mwalimu huyo ana cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni? Ni dakika ngapi kwa siku? Anaingia darasani kwa mwanangu au anamtoa nje? Hapa mna watoto wangapi wasiotumia Kihispania wala Kiingereza nyumbani? Nilikwenda na familia moja kwenye kampasi mbili wiki ile ile. Ya kwanza, yenye jengo jipya linalong'aa, walitujibu "tunawasaidia wote." Ya pili, jengo la kawaida pembeni ya duka la matairi, mwalimu alitoa ratiba, akatuonyesha kwa kidole vipindi viwili vya kila siku, kisha akamuuliza mtoto kwa Kiswahili cha kujifunza, "Jina lako nani?" Mtoto alijibu kabla mama yake hajafungua mdomo. Hawakuhitaji ushauri wangu tena.

Kila masika watapimwa TELPAS, mtihani wa maendeleo ya Kiingereza. Ngazi ni nne. Usiutupe huo mkeka wa matokeo: mtoto akikaa ngazi ile ile miaka miwili, una sababu ya kuomba kikao.

Wewe mzazi nawe una haki ya kuelewa unachoambiwa. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, pamoja na hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu watoto wa Kichina wa San Francisco, ndizo msingi wa watu wasiojua Kiingereza kudai huduma shuleni. Omba mkalimani wa Kiswahili, hata kwa simu. Tafadhali usikubali mtoto wako wa miaka kumi awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

Na usafiri?

Uliza hili kabla ya kuuliza alama. Nasema hivyo kwa kuwa liliniumiza.

Watu wengi hudhani kila shule ya umma ina basi. Sheria ya Texas haimlazimishi yeyote, wilaya wala chata, kumbeba kila mtoto. Miongoni mwa wenye haki isiyo na mjadala ni mtoto wa elimu maalum ambaye mpango wake umeandika usafiri. Wilaya kubwa huwa na mabasi kwa wanaokaa zaidi ya maili mbili. Chata nyingine zina mabasi, nyingine zina vituo vya pamoja, yaani unampeleka mtoto mahali fulani basi linaposimama, na nyingine hazina kitu.

Binti yangu alipoingia gredi ya 6 tulipata nafasi kwenye chata ambayo sitaitaja. Kituo cha basi kilikuwa kwenye maegesho ya sheli, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Januari hapo ni giza totoro. Nilikuwa nasimama naye nikiwa na sare zangu za kazi za usiku, tunatazama taa za magari zikija na kupita. Wiki ya tatu ya muhula basi halikufika siku mbili mfululizo na hakuna aliyetuma ujumbe. Masomo yalikuwa mazuri, nakiri, na mwalimu wake wa hesabu namkumbuka mpaka leo kwa wema. Lakini mtoto alikuwa analala mezani saa moja jioni kabla ya kula. Desemba iliyofuata tulimhamishia shule ya wilaya anayofika kwa miguu, na alama zake zikapanda.

Basi uliza: kituo kiko wapi, saa ngapi, nani nampigia lisipokuja, na akibaki kwa michezo anarudije. Kisha nenda mwenyewe kwenye hicho kituo saa hiyo hiyo siku moja kabla hujasaini.

Bahati nasibu inafanyika vipi?

Chata haiwezi kuchagua watoto kwa alama wala kwa mtihani wa kuingia. Waombaji wakizidi nafasi, majina huingizwa kwenye kura. Ndugu wa mwanafunzi aliyepo hutangulizwa, na shule inaruhusiwa kuwatanguliza watoto wa wafanyakazi. Waliobaki wanaingia orodha ya kusubiri. Kura nyingi hufanyika majira ya baridi, hivyo maombi yako yawe yameingia kabla ya Krismasi ili usihangaike na tarehe za kila shirika. Kuomba ni bure na unaweza kuomba sehemu kadhaa kwa pamoja.

Wengi wetu hupoteza nafasi baada ya kuipata. Jibu huja kwa ujumbe wa simu au barua pepe, na muda wa kukubali ni siku chache tu. Watu wetu hubadilisha laini ya simu kama shati. Mwaka juzi baba mmoja aliniletea simu ya zamani iliyopasuka kioo, tukaichaji jikoni kwangu, na ujumbe wa kwanza kuingia ulikuwa: mwanao amepata nafasi, thibitisha kabla ya Ijumaa. Ijumaa hiyo ilikuwa imepita kwa wiki tatu. Weka namba ambayo haitabadilika, hata kama ni ya mchungaji au ya shangazi.

Ukiwa namba 80 kwenye orodha usikate tamaa wala usikae unangoja. Mwandikishe shule ya wilaya. Agosti orodha husogea sana, familia zinapohama.

Karatasi gani zinahitajika? Na kama hatujakamilisha mambo ya uhamiaji?

Uthibitisho wa makazi (mkataba wa nyumba au bili ya umeme), kitambulisho chako, hati ya kuzaliwa au karatasi nyingine inayoonyesha umri wa mtoto, kadi ya chanjo, na ripoti ya shule ya mwisho kama ipo. Asiyemaliza chanjo anaweza kuanza masomo mradi amepata dozi za kwanza na anaendelea kwa ratiba. Anayeishi kwa ndugu kwa kukosa nyumba, au hotelini, anaandikishwa hata bila karatasi hizo; sheria ya shirikisho inamlinda mtoto asiye na makazi.

Hali ya uhamiaji isikuzuie. Kesi iliyoamua jambo hilo ilitoka Texas hii hii, mji wa Tyler. Mwaka 1982 Mahakama Kuu iliamua kwamba mtoto asiye na kibali cha kuishi nchini ana haki ya shule ya umma ya bure. Uamuzi huo unazigusa chata pia. Namba ya Social Security si sharti. Ukiwa huna, shule inampa mtoto namba yake.

Wenye watoto wa miaka minne wasikose hili: mtoto aliyetimiza miaka 4 ifikapo Septemba 1, ambaye hajui Kiingereza, anastahili darasa la awali bila malipo. Umaskini nao ni kigezo, lakini lugha peke yake inatosha. KIPP na wilaya zote kubwa wanalo darasa hilo.

Mwanangu ana ulemavu, au anachelewa kuelewa.

Chata ni shule ya umma, na sheria ya elimu maalum inaihusu kama inavyohusu wilaya. Akikwambia mtu "hapa hatuna huduma hizo, mpeleke kwingine", amevunja sheria.

Mjue historia ili msiogope kudai. Kwa zaidi ya miaka kumi Texas ilikuwa ikizipima wilaya kwa kiwango cha asilimia 8.5 ya wanafunzi wa elimu maalum, na watoto wengi walinyimwa huduma ili idadi isizidi. Gazeti la Houston Chronicle lilifichua jambo hilo mwaka 2016, na Januari 2018 serikali ya shirikisho ikathibitisha kwamba jimbo limevunja sheria. Mabaki ya tabia hiyo yapo. Wahamiaji huambiwa, "ni lugha tu, atazoea." Huenda ni lugha. Ila kama kwa Kiswahili pia mtoto hafuati maagizo mawili mfululizo, au hakumbuki alichosimuliwa jana, hilo si suala la Kiingereza.

Omba tathmini kwa maandishi, weka tarehe, baki na nakala. Shule ina siku 15 za masomo kukujibu, na ukitoa idhini ina siku 45 za masomo kumaliza tathmini. Omba afanyiwe pia katika lugha yake. Kikao kinachofuata, cha kuamua kama mtoto anastahili huduma na zipi, kinaitwa ARD, na wewe ni mjumbe kamili wa kikao hicho. Usisaini usichokielewa.

Nidhamu ni kali kweli?

Katika nyingi, ndiyo: sare, mistari ya kutembea, simu kufungiwa. Wazazi wetu hupenda, mimi pia. Soma hata hivyo kitabu cha mwanafunzi kabla ya kuandikisha, kwa sababu mtoto akifukuzwa chata anarudi wilayani. Tena sheria ya Texas inaziruhusu chata kumkataa mwombaji mwenye rekodi ya makosa ya nidhamu iliyoandikwa. Si zote zinazotumia ruhusa hiyo, ila uliza. Kijana aliyewahi kupigana shuleni mara moja anaweza kukuta mlango umefungwa, na ni vizuri mzazi alijue mapema kuliko kuaibishwa Agosti.

Walimu wao wana sifa?

Texas inadai mwalimu wa chata awe na shahada ya kwanza. Cheti cha ualimu si lazima, isipokuwa kwa elimu maalum na kwa wanaofundisha wanaojifunza Kiingereza. Nimeona walimu wasio na cheti wanaofundisha kwa moyo, na wenye cheti waliochoka. Kinachonitia hofu zaidi ni walimu kuondoka kila mwaka. Ripoti ya jimbo inayoitwa TAPR inaonyesha ni asilimia ngapi ya walimu waliondoka na wastani wa uzoefu wao. Walimu wawili kati ya watano wakiondoka, muulize mkuu wa shule kwa nini, kisha nyamaza usikilize anavyojibu.

HISD imechukuliwa na jimbo. Nimtoe mtoto?

Jimbo lilichukua uongozi Juni 2023, likaondoa bodi iliyochaguliwa na wananchi na kumleta Mike Miles kuwa mkuu wa wilaya. Shule nyingi zikaingizwa kwenye mpango wake mpya wa masomo yenye muda mkali na majaribio ya kila siku. Matokeo ya herufi yaliyotoka Agosti 2025 hayakuwa na kampasi hata moja ya HISD yenye F. Wakati huo huo walimu wengi wameondoka, na katika shule kadhaa maktaba zilipoteza wakutubi wake. Mtoto mwingine anachanua kwenye mwendo ule. Mwingine anarudi nyumbani na tumbo linauma. Mtazame wako. Kumhamisha kwa sababu ya habari za televisheni peke yake singekushauri.

Chata za mtandaoni je?

Utafiti ule ule wa Stanford ulikuta wanafunzi wa chata za mtandaoni wakiwa nyuma kwa kiasi cha siku 58 katika kusoma na siku 124 katika hesabu. Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza, hapana.

Kijana wangu ana miaka 17 na alisoma kidogo tu kambini.

Anayo haki ya shule. Texas humpa kijana elimu ya bure ikiwa hajatimiza miaka 21 ifikapo Septemba 1, na wilaya ikitaka inaweza kumpokea akiwa chini ya miaka 26. Asikubali kuambiwa "wewe nenda darasa la watu wazima" bila kupewa nafasi. Kwa umri huu mimi huelekeza wilayani kwanza, kwenye shule kubwa zenye walimu wa Kiingereza kwa wageni na kozi za ufundi, kwa sababu chata za maandalizi ya chuo zimejengwa kwa mtoto aliyeanza nao mapema. Peleka karatasi yoyote ya masomo aliyonayo, hata ya Kifaransa, waihesabie.

Nikiwa na malalamiko nimwendee nani?

Mwalimu, mkuu wa kampasi, kisha bodi ya chata. Bodi hiyo haichaguliwi kwa kura, lakini vikao vyake ni vya wazi na unaruhusiwa kuzungumza. Usiporidhika, andikia idara ya elimu ya jimbo, TEA. Chata ikishindwa miaka mitatu mfululizo, kimasomo au kifedha, jimbo hulazimika kuufuta mkataba wake. Ndiyo maana wanazisoma barua.

Tumeanza, miezi miwili imepita, mtoto hana furaha. Tumefungwa?

Hamjafungwa. Shule ya wilaya yenu ya makazi lazima impokee siku yoyote ya mwaka. Utakachopoteza ni nafasi ya chata, na kurudi ni kupitia orodha tena. Kabla hujaondoka chukua ripoti ya alama, kadi ya chanjo, matokeo ya TELPAS na karatasi za ARD kama zipo, uzitie kwenye bahasha moja. Usimtoe siku moja ukampeleka wiki mbili baadaye: zile siku za katikati huandikwa kama utoro, na barua ya utoro huja kwa Kiingereza kigumu. Mwandikishe kule kwanza asubuhi, ndipo upite kuaga huku.